Kujitolea kwa Watu Wenye Ulemavu wa Ukuaji: Nani Anasaidia, Nani Anaongoza?

Kila mwaka, kati ya Machi 21 na Aprili 2, simu za watu wa Dar es Salaam hujaa matangazo yanayofanana. Machi 21 ni siku ya sindromu ya Down, watu huvaa soksi zisizolingana rangi. Aprili 2 ni siku ya usonji, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuelewana na wenzake, na fulana za bluu hutoka kabatini. Katikati ya picha hizo hupita ujumbe: "Tunahitaji watu wa kujitolea", "Tunatafuta mabalozi", "Njoo uwe sauti ya wasio na sauti". Vijana wa vyuo, akina mama wa jumuiya na wa vikundi vya madrasa, wafanyakazi wa benki, wote huitikia kwa moyo mweupe. Ikifika Juni wengi wameshapotea, na vyama vinabaki kulalamika kwamba siku hizi watu hawana uvumilivu.

Tunavyoona sisi, watu hao waliitwa bila kuambiwa wanaitwa kufanya nini. Kuhudumia, kutetea na kuongoza vimetupwa kwenye kapu moja kana kwamba ni kazi moja. Mtu aliyekuja kutetea akapewa kazi ya kugawa biskuti, na aliyefaa kuongoza akapewa kiti cha kukalia tu wakati wa picha. Makala hii inavitenganisha, kuanzia na neno linalochanganya kuliko yote.

Ulemavu wa ukuaji

Huu ni ulemavu unaoanza kabla mtu hajawa mtu mzima, mara nyingi tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Hugusa namna anavyojifunza, anavyozungumza, anavyotembea au anavyoelewana na wenzake, na hubaki naye maishani. Humo wamo watu wenye sindromu ya Down, ambao seli zao huwa na kromosomu 47 badala ya 46. Wamo wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, na wenye ulemavu wa akili uliotokana na sababu nyingine. Waliozaliwa na mgongo wazi au kichwa kikubwa nao mara nyingi huhesabiwa humo. Mtu mmoja anaweza kuwa na hali mbili au tatu kwa pamoja: mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mfano, mara nyingi huwa na kifafa pia.

Mtindio wa ubongo unastahili sentensi zake, maana mitaani neno hili limegeuzwa kuwa "hana akili". Kinachoguswa kwanza ni ile sehemu ya ubongo inayoamuru misuli. Mikono hujikunja, shingo hulegea, maneno hutoka kwa shida, mate hudondoka. Wapo wenye mtindio wa ubongo ambao wana ulemavu wa akili pia, lakini wapo wengi wanaoelewa kila neno linalosemwa juu yao, wasiweze tu kulijibu haraka. Mtu wa kujitolea asiyelijua hili humsengenya mtu mbele yake na asijue amefanya nini.

Mkanganyiko mwingine ni kati ya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Ulemavu wa akili ni kama kwenda Mbagala kwa basi linalosimama kila kituo: mtu hujifunza, ila kwa muda mrefu zaidi na kwa hatua ndogondogo. Ugonjwa wa akili ni kama mafuriko yanayofunga barabara pale Jangwani: humkuta mtu aliyekuwa akienda vizuri, na kwa matibabu hupungua au hupita. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuugua ugonjwa wa akili kama mtu mwingine yeyote, lakini dawa za ugonjwa wa akili hazitibu ulemavu wa akili. Kuchanganya maneno haya kuna gharama. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Karani asiyejua tofauti anaweza kumrudisha nyumbani kijana mwenye sindromu ya Down aliyekuja kujiandikisha, na familia ikaondoka kimya ikidhani ndivyo sheria ilivyo.

Kuhusu chanzo, bado kuna nyumba ambako mama huambiwa amelogwa, ametoka nje ya ndoa au ameleta laana ya ukoo. Mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Sindromu ya Down hutokea pale mimba inapotungwa, na hakuna alichokula wala alichofanya mama kilichoileta. Upungufu wa foliki asidi kabla na mwanzoni mwa ujauzito huongeza hatari ya mgongo wazi. Usonji hausababishwi na chanjo. Mate ya mtu mwenye kifafa hayaambukizi. Mtu wa kujitolea anapaswa kuyasema haya bila kigugumizi, maana ataulizwa kuanzia siku ya kwanza, na kwa kawaida ataulizwa na bibi wa mtoto.

Lugha nayo ina kanuni rahisi. Sema "watu wenye ulemavu", na neno "walemavu" liache. Taahira, zezeta na punguani ni matusi, hata yakiwa yameandikwa kwenye fomu ya zamani ya shule.

Kondakta hachagui kituo cha abiria

Sasa tuje kwenye kazi tatu. Kuhudumia ni kumsaidia mtu apate anachohitaji leo: kumsindikiza kliniki, kumfundisha kusoma namba za basi, kushika mkono wa mtoto kwenye mazoezi ya viungo. Kutetea, ambako watu wa asasi hupenda kuita uchechemuzi, ni kubadili kinachomfanya ahitaji kusaidiwa kila mara: shule inayokataa kumwandikisha, ofisi isiyotaka kuzungumza naye ila na mama yake, bajeti ya kata isiyomkumbuka. Kuongoza ni kuamua kipi kitetewe, kwa njia gani, na fedha ziende wapi.

Fikiria daladala. Kondakta anafanya kazi kubwa: anatangaza vituo, anazuia mlango, anampisha mama mwenye mtoto, anamwambia dereva asubiri. Ila swali lake ni moja, "Unashukia wapi?" Hawezi kumshusha abiria Magomeni kwa sababu yeye anaona Magomeni pana hewa nzuri kuliko Manzese. Mtu wa kujitolea ni huyo kondakta. Mwenye safari ni mtu mwenye ulemavu.

Wenyewe wana kauli ya miaka mingi: hakuna lolote kutuhusu bila sisi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, umeigeuza kauli hiyo kuwa wajibu. Ibara ya 4 inazitaka serikali ziwashirikishe kwa karibu watu wenye ulemavu, kupitia vyama vyao, katika maamuzi yanayowahusu. Ibara ya 12 inasema wanatambuliwa sawa mbele ya sheria, na kwamba anayehitaji msaada ili aamue apewe msaada huo. Kusaidiwa kuamua na kuamuliwa ni vitu viwili tofauti, na sehemu kubwa ya makala hii inazunguka hapo.

Wapo watakaosema mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kuongoza. Robert Martin wa New Zealand alikuwa na ulemavu wa akili, na akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa kulelewa kwenye taasisi mbali na wazazi wake. Mwaka 2016 alichaguliwa kuingia kwenye kamati ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo, mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kufika hapo. Alifanya kazi akiwa na msaidizi wa kumrahisishia nyaraka. Alifariki mwaka 2024.

Hapa kwetu tumeona watu wenye ulemavu wakipanda. Abdallah Possi, mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015. Ummy Nderiananga aliongoza Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, kabla ya kuwa naibu waziri. Hizo ni hatua za kweli. Lakini angalia meza kuu za vikao vyetu: wenye ulemavu wa viungo wapo, wasioona wapo, viziwi wapo na wakalimani wao. Wenye ulemavu wa akili huwakilishwa na mzazi au mwalimu. Pengo hilo ndilo fursa kubwa zaidi ya uongozi katika eneo hili, na ndilo linalopaswa kuwa kazi ya kwanza ya anayejitolea.

Pa kuanzia ukiwa Dar

Usianze kwa kufungua asasi yako. Anza kwenye mtaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mtendaji kamati ipo na hukutana lini. Ukiambiwa "ipo kwenye makaratasi", umeshapata kazi yako ya kwanza ya utetezi, na ni kazi ya miezi sita.

Hatua inayofuata ni halmashauri. Dar ina tano: Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Afisa ustawi wa jamii anajua familia zilipo. Afisa maendeleo ya jamii anashughulika na vikundi, ikiwemo mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa wa elimu maalumu anajua shule zenye vitengo vya elimu hiyo, kama Uhuru Mchanganyiko ambako watoto wenye ulemavu mbalimbali wamekuwa wakisoma pamoja na wenzao kwa miaka mingi. Juu ya hapo kuna vyama vya kitaifa vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho lililoundwa mwaka 1992. Ukivuka bahari kwenda Zanzibar, jumuiya inayojulikana kama ZAPDD inashughulika na ulemavu wa ukuaji hasa.

Kwa anayependa michezo, Special Olympics Tanzania ni mlango mzuri, kwa sababu huko hutakiwi kusimama pembeni na kupiga makofi. Katika michezo jumuishi watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao huwa timu moja. Soka ya watu watano ina wachezaji watatu wenye ulemavu wa akili na wawili wasio nao. Kosa la wageni ni kumiliki mpira dakika zote na kufunga mabao sita. Kocha atakutoa, na atakuwa amefanya sawa. Vuguvugu hilo lina pia mafunzo ya uongozi kwa wanamichezo wenyewe, kama kuzungumza hadharani, kuwa kocha na kuingia kwenye bodi.

Chama makini kitakuomba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha taifa, wadhamini wawili, na kama utakuwa na watoto, cheti cha tabia njema kutoka polisi. Usikasirike. Ogopa kile kinachokukabidhi mtoto asubuhi hiyohiyo uliyofika. Nawe una maswali yako ya kuuliza. Je, kwenye kamati tendaji yumo hata mmoja mwenye ulemavu wa ukuaji? Nani anaamua matumizi ya picha? Mtu wa kujitolea anarudishiwa nauli? Nani nitamripotia nikiona mtoto anapigwa au kufungiwa ndani? Wakishindwa kujibu la mwisho, tafuta kwingine.

Kuhusu muda, Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa muda wa saa tatu kila moja, kwa miezi sita, zina faida kuliko kuja kila siku kwa wiki mbili. Mtu mwenye usonji huhitaji muda ili azoee sauti yako tu, na ukiondoka wiki ya tatu umemfundisha kwamba watu wapya hawaaminiki.

Kikao cha Jumamosi

Kazi inayohitajika zaidi, na ambayo karibu hakuna anayejitokeza kuifanya, ni ya msaidizi wa kikao. Tuiangalie kwa karibu.

Chukua kamati ya wajumbe tisa inayokutana saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa kata. Mjumbe mmoja ana miaka 34, ana sindromu ya Down, anasoma maneno mafupi. Ajenda ya pili imeandikwa hivi: "Kupokea na kujadili taarifa ya utekelezaji wa shughuli za chama kwa robo ya kwanza ya mwaka wa fedha na kutoa mapendekezo." Hata mjumbe mwenye shahada huisoma mara mbili. Kazi ya msaidizi inaanza siku tano kabla, kwa kuigeuza: "Tumefanya nini mwezi wa saba, wa nane na wa tisa? Kipi tuendelee nacho? Kipi tuache?" Ukubwa wa herufi uwe 14 au zaidi, sentensi isizidi maneno 15, jambo moja kwa ukurasa, na picha upande wa kushoto, ikiwezekana picha halisi ya shughuli yenyewe. Siku mbili au tatu kabla wanakaa pamoja, wanaipitia, na mjumbe anasema maoni yake bila wajumbe wengine kumsubiri kwa macho. Akipenda, maoni hayo yanaandikwa kwenye kadi ili aje nayo.

Kikaoni msaidizi hukaa kando yake, nyuma kidogo, asiwe kati yake na mwenyekiti. Kila mjumbe, si yeye peke yake, anapewa kadi tatu. Nyekundu: simameni, sijaelewa. Njano: punguzeni mwendo. Kijani: nimeelewa, tuendelee. Kadi zikiwa za mtu mmoja zinamtia aibu. Zikiwa za wote, utashangaa nani atainua nyekundu ya kwanza wakati mweka hazina anasoma hesabu.

Halafu kuna mtego wa "ndiyo". Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamelelewa kukubali, maana kukataa kuliwaletea kofi au kelele. Ukiuliza "Unakubali tukutane Jumapili?" atasema ndiyo. Ukiuliza "Jumamosi au Jumapili?" anaweza kuchagua neno la mwisho alilosikia. Kwa hiyo uliza mara mbili kwa mpangilio tofauti, sasa "Jumamosi au Jumapili?", baadaye kidogo "Jumapili au Jumamosi?" Majibu yakifanana, hayo ni maoni yake. Yakitofautiana, bado hajaelewa au hana upendeleo, rudi kwenye picha. Na badala ya "Umeelewa?", mwambie, "Niambie tumekubaliana nini." Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema neno jingine, kwa sababu jibu huwa njiani wakati msaidizi ameshaanza kujibu yeye.

Kuna jambo dogo la Kiswahili chetu ambalo huonyesha msimamo wa mtu upesi kuliko hotuba. Msichana wa chuo mwenye miaka 21 anaingia ukumbini, anawaamkia wajumbe wote "Shikamoo", akifika kwa huyu wa miaka 34 anamshika shavu: "Mambo, mtoto mzuri!" Kila aliyeko pale amesikia nani ni mtu mzima na nani si mtu mzima. Mwamkie kulingana na umri wake. Mwite kaka au dada kama unavyowaita wengine. Na swali linalomhusu mwulize yeye, hata kama mama yake yupo na ndiye atakayejibu haraka.

Baada ya kikao msaidizi humpigia simu ndani ya siku mbili kumkumbusha alichokubali kufanya. Msaidizi hapigi kura na hasemi "sisi tunaona". Akiona mjumbe amechagua kitu ambacho yeye anakiona ni kosa, anaweza kumweleza faida na hasara, basi. Wajumbe wengine nao hukosea kila kikao, na hakuna anayewanyang'anya kiti.

Yanayoharibika, na kwa nini

Madhara mengi hufanywa na watu wenye nia njema. La kwanza ni picha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiwa amelazwa sakafuni, mate yanatoka, amezungukwa na vijana kumi wanaocheka wakiwa na katoni za juisi. Picha hiyo itabaki mtandaoni atakapokuwa na miaka 20 anatafuta kazi. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na taarifa za afya na za watoto zina ulinzi mkali zaidi. Pata ridhaa ya maandishi ya mzazi, muulize mtoto mwenyewe kwa namna anayoielewa, na eleza picha itatumika wapi na hadi lini. Asipotaka, ridhaa ya mzazi haitoshi.

La pili ni kulisha. Wageni hupenda kulisha watoto, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimerudi nyuma, kwa sababu chakula huingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Akae wima, miguu imeegemea kitu, kichwa kimeinama mbele kidogo. Kijiko kidogo, ngoja ameze, ndipo kinachofuata. Akikohoa karibu kila akila, acha na mwambie mzazi amwone daktari au mtaalamu wa tiba ya kuzungumza na kumeza. Kama hujafundishwa na mlezi wake, usilishe kabisa.

La tatu ni kifafa. Mtu akianguka, angalia saa. Sogeza vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu. Usitie kijiko mdomoni, usimbane, usimmiminie maji. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, apelekwe hospitali. Mtu mmoja abaki naye hadi azinduke, wengine wasogee. Atakapofungua macho asikute duara la watu na simu.

La nne ni kelele. Sherehe za usonji hupangwa zikiwa na spika mbili kubwa na MC anayepiga mayowe, kisha waandaaji wanashangaa watoto wanaziba masikio na kulia. Tenga chumba kimoja kimya, weka ratiba ya picha ukutani, anza kwa wakati, maliza kwa wakati. Gharama yake ni karatasi chache na nidhamu.

La tano ni bajeti. Waandaaji huhesabu vichwa vya wanachama tu. Kama wanachama ni 12 na wanane kati yao huja na msaidizi, nauli ni za watu 20, kwenda na kurudi, na chakula vilevile. Mwenye kiti cha magurudumu kutoka Gongo la Mboto anaweza kulazimika kukodi bajaji kwa sababu daladala hazimsubiri. Bajeti isipoona hayo, watakaokuja kila mara ni wale wasio na mahitaji makubwa, na chama kitaongozwa na hao bila mtu yeyote kukusudia.

Uongozi wa chama wenyewe

Vyama vingi vya eneo hili vilizaliwa na mama mmoja aliyechoka kufukuzwa shuleni na mtoto wake. Akakusanya wenzake watano, wakakutana chini ya mwembe, wakasukuma mpaka kitengo kikafunguliwa. Deni letu kwa akina mama hao ni kubwa. Shida huja miaka 15 baadaye, mama huyohuyo bado ni mwenyekiti, mtia saini benki na mtunza mhuri, na vijana ambao kwa ajili yao chama kilianzishwa wana miaka 25 na hawajawahi kuulizwa lolote.

Katiba ya chama inaweza kulizuia hili tangu mwanzo. Weka ukomo wa vipindi, kwa mfano viwili vya miaka mitatu. Tenga angalau nafasi mbili kwenye kamati tendaji kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji wenyewe. Mmoja peke yake huwa pambo, wawili huungana mkono. Andika kuwa kila mmoja ana haki ya msaidizi na kwamba gharama ya msaidizi ni ya chama. Wazazi wawe na kamati yao, kwa sababu mahitaji yao ni halali lakini si yaleyale: mzazi hutafuta usalama, kijana hutafuta kutoka peke yake jioni, na mtu mmoja hawezi kuwakilisha yote mawili.

Kwenye fedha tumieni busara ya vikoba ambayo kila mtu Dar anaijua: sanduku moja, funguo tatu, watu watatu tofauti. Benki nako watia saini wawe watatu, wawili wakitosha kutoa, na wasiwe wa nyumba moja.

Namna ya kusajili inategemea ukubwa wa kazi. Kikundi cha mtaa hutambuliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, na kinaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 2. Chama cha wanachama husajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na hutakiwa kupeleka taarifa kila mwaka. Anzeni na kikundi. Wengi hukimbilia shirika kwa sababu ya mhuri mzuri, kisha hushindwa hata taarifa ya mwaka wa kwanza.

Utetezi wenyewe, ukifika wakati wake, ni kazi ya karatasi kuliko ya kipaza sauti. Shule ikikataa mtoto, ombeni sababu kwa maandishi. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: nini kilitokea, tarehe gani, sheria ya 2010 inatoa haki gani ya elimu, mnaomba nini, na mnatarajia jibu lini. Ianzie kwa mwalimu mkuu, iende kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, nakala kwa ustawi wa jamii. Diwani afuate ngazi hizo zikishindwa. Ukianza na diwani, au na mwandishi wa habari, mwalimu mkuu hujihami na mtoto huandikishwa mahali ambapo hakuna anayemtaka. Kwa ajira ni vivyo hivyo: sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Nendeni na jina la mtu na kazi anayoiweza, mkisema wazi atahitaji maelekezo ya picha na mtu wa kumwelekeza kwa majuma manne ya kwanza.

Jambo la mwisho ni kuondoka, maana kila anayejitolea huondoka siku moja: kazi mpya, uhamisho kwenda Dodoma, mtoto wa kwanza. Toa taarifa mwezi mmoja kabla. Mwambie mtu unayemsaidia uso kwa uso, ukiwa na kalenda, mweke alama siku ya mwisho. Mlete mrithi wako mapema, mkae vikao viwili mkiwa watatu, cha kwanza ukisaidia wewe, cha pili akisaidia yeye nawe ukikaa nyuma ya ukumbi. Rudisha funguo, jitoe kwenye kundi la WhatsApp la kamati, futa picha na nyaraka zilizo kwenye simu yako. Kisha muulize mjumbe mwenyewe kama mrithi huyo anamfaa. Akisema hapana, chama kitafute mwingine.